Mpira wa Usukani

Leeuwarden, mvua. Jelmer ana miaka minne.
Juu ya kitovu, duara jekundu,
dogo kama mhuri wa posta:
ncha ya usukani wa baiskeli.
Ngozi nzima kabisa. Ndani, tuta limebomoka.

Damu yote ya mwili huu
haijazi chupa mbili za maziwa;
theluthi ishamwagika.

Bandama lina ufa. Nikashika mkasi.
"Acha," akasema Dokta Froukje, "tulishone.
Ana miaka themanini ya kulihitaji."
Akalibana kwa vidole
kama ashikaye kifaranga.
Dakika kumi, hakuna aliyekohoa.
Chachi ikatoka nyeupe.

Ujiani babake hajavua koti.
Anaugeuzageuza mkononi mpira wa usukani:
aliununua Jumamosi,
hakuuvalisha.