Anwani Ile Ile

Ristin, ulipanda treni ya usiku ya Stokholm
na begi moja, theluji magotini.
Mwacha asili ni mtumwa, nikakuandikia,
nikajiona muungwana.

Kisha mgodi ukala ardhi chini ya mtaa wetu.
Ufa ukapanda ukuta wa jikoni
pale Baba alipotupima kimo kwa penseli.
Yakaja malori, yakabeba shule, mnara wa saa,
kanisa zima na kengele yake,
kilomita tatu mashariki.

Anwani yangu ni ile ile.
Nikitoka kununua maziwa, napotea.

Jana uliuliza kwenye simu: "Nyumbani kukoje?"
Sikuhama, Ristin. Nimeondokewa.

Kile kipande cha ukuta nilikikata kwa msumeno,
kiko chini ya kitanda.
Alama yako ya mwisho inagusa swichi ya taa.
Nikutumie?