Kilo za Barafu

Saa hii alinipa Høgni, mwanangu, baharia,
aliporudi likizo na nywele zimemvuka kola.
Alinivika mwenyewe, akabana mkanda,
akasema: Mama, humu mna mpango.
Kila kilima nimekupunguzia mwendo,
kila mteremko nimeudai kidogo.
Wewe fuata tu. Chini ya saa moja na dakika hamsini na nane,
ukiamua.

Mimi ni mpima samaki. Miaka ishirini na sita
nasimama mbele ya mizani, kiwandani Klaksvík,
na jambo moja nalijua kuliko wakubwa wangu:
toa kwanza uzito wa kreti,
toa barafu,
ndipo useme umevua kiasi gani.

Viðareiði, asubuhi. Upepo wa ubavuni.
Kondoo wamesimama kando ya njia kama waamuzi.
Tulikuwa watu mia na kumi na mmoja, na mvua.
Mwalimu Tummas alipuliza filimbi, bastola ilikuwa imelowa.

Kilomita ya kwanza nilikwenda roho juu,
saa ikanitetemesha kifundo: punguza.
Nikapunguza. Birita wa duka la mikate akanipita,
Sólrun akanipita, mjukuu wa Sólrun akanipita,
saa ikanyamaza, imeridhika,
mimi nikameza mate.

Ndani ya kioo kuna mtu mdogo mweusi anayekimbia.
Hana jasho, hana soksi zilizolowa.
Nyuma yake kuna mwingine, ndiye mimi.
Sekunde nane, inasema. Sekunde tano.
Sijawahi kumfukuza mwanamume namna ile,
hata baba yake Høgni.

Kwenye kibao cha kilomita ya tano
(rangi nyekundu, mwandiko wa watoto wa darasa la Tummas,
aliyeipima njia nzima kwa gurudumu la baiskeli)
saa ilikuwa imeshalia kitambo.
Mita sitini, nikakadiria. Si neno.
Kwenye cha kumi, mita mia na ishirini.
Nikaanza kunusa barafu.

Halafu handaki.
Lile la zamani, la gari moja moja, taa zenye mapengo.
Setilaiti haziingii mlimani.
Yule mtu mdogo akasimama mguu mmoja hewani,
kisha akatoka nje ya barabara
akaanza kurandaranda baharini.
Nikabaki na matone,
na mwangwi wa viatu vya watu nisiowaona,
na pumzi: tatu ndani, mbili nje.
Nilihesabu kama ninavyohesabu kreti,
na sitasema uongo,
sikukimbia vizuri vile tena siku nzima,
wala hakuna kilichoandika.

Nje, mwanga. Árnafjørður, harufu ya samadi.
Saa ikazinduka na madai yake: uko nyuma sekunde arobaini.
Punde si punde: uko mbele ishirini.
Nikaivutia mkono wa koti.
Tangu hapo nikawa natazama vibao vya watoto,
tano na thelathini na tano, tano na thelathini na tano,
nagawanya na kujumlisha kichwani
huku goti la kushoto likileta hesabu zake.

Karibu na kituo cha mafuta, Klaksvík,
kitu kilishangilia chini ya koti.
Nikafunua. Fataki ndogo kiooni. Hongera, umemaliza:
saa moja, hamsini na saba, na sekunde arobaini.
Yule mtu mdogo alikuwa ameshafika, pengine amekaa.
Mimi nilikuwa na mita mia mbili na arobaini,
upepo wa usoni,
na mgongo wa Birita, anachechemea.

Kwenye utepe Tummas alisoma kwa sauti:
hamsini na nane, hamsini na tisa.
Akaandika kwa penseli, karatasi imevimba kwa mvua.

Jioni Høgni akapiga simu kutoka melini.
Ameona kila kitu huko huko, anapiga kelele: Mama, umeweza!
Nikamwacha afurahi kidogo.
Kisha nikamwambia:
mwanangu, toa barafu.