Daftari la Korona

Alishuka Pongwe na maswali arobaini,
yamepigwa chapa, yana visanduku.
Tukamjibu kama tunavyomjibu bwana afya:
ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo.

Wiki ya pili zile fomu zilifungiwa vitumbua.
Bibi Semng'indo akaomba kazi, kuanika singa.
Mkonge ukamwasha hadi viwikoni.
Mama akamkanda kwa mafuta ya nazi,
na huku anakanda, akamwambia
ambayo sisi wanawe hatujayasikia.

Hakuandika pale pale.
Usiku, kibatari kikikesha,
kalamu ilikwaruza kama panya wa stoo.

Leo, chumba cha nyaraka, mjini Tanga,
nimelifungua daftari lenyewe.
Nilikuja kutafuta tani na mishahara.
Nakuta: “Binti Mhina kanyamaza.
Katazama mlango, kahesabu vidole
vya mkono wa kushoto, kisha karudia.
Sijui kwa nini. Nisijifanye najua.”

Vilikuwa vinne.
Vimenisuka nywele utoto wangu wote,
na sikuwahi kuuliza
cha tano kilibaki kwenye mashine ipi,
zamu ya nani.