Kibao Mbele ya Nyumba

Kimesimama penye kona, chuma cha kijani,
herufi za dhahabu zimechujuka kama kucha za bibi harusi wa juzi:
HAPA ALIISHI EZRA TILLINGHAST,
RAIS WA JAMHURI, MIEZI KUMI NA MINNE.
Kisha mistari minne kuhusu baba yake, mhunzi,
na mmoja kuhusu kifua kilichomuua.
Hakisemi kwamba siku hizi naishi mimi,
Verna Kubiak, mpangaji wa kaunti,
mjane, mwenye deni la gesi.

Wasafiri husimama. Injini hawazimi.
Hukipiga picha kibao, nyumba wameipa mgongo,
na kila kiangazi hakosi mmoja wa kugonga kuomba choo.
Namwonyesha. Hiki si cha Rais, namwambia,
Rais alikwenda uani kama wenzake.
Ila kipandio cha tatu hulia ukikikanyaga kushoto,
na kililia hivyo hivyo chini yake.
Historia yangu ndiyo hiyo, naitoa bure.

Mwaka wa kuzaliwa wameukosea.
1831 imekuwa 1813.
Niliwaandikia kaunti, wakajibu kwa mhuri:
chuma kikishamiminwa hakisahihishwi.
La kuvunda halina ubani, nikanyamaza.
Basi Rais wangu ana miaka kumi na minane
ambayo hakuiishi, wala hakuna anayemdai.

Usiku mmoja wa Februari, barabara kioo kitupu,
nilisikia breki, kisha kishindo, kisha kimya
kibaya kuliko kishindo.
Nikatoka na blanketi, miguu ndani ya buti za marehemu.
Lori la maziwa limelala ubavu,
maziwa yanaganda mtaroni, meupe juu ya weupe,
na dereva, Emmett Skoglund, amekaa thelujini,
ameegemea uzio, damu kwenye nyusi,
kibao mbele yake kimepinda shingo.

Ambulensi ilikuwa mbali. Nikamwambia asilale.
Nikamulika tochi. Soma, nikamwambia, soma chochote.
Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili,
kidole hewani, neno kwa neno, hadi kifua kile.
"Miezi kumi na minne," akasema. "Alifanya nini?"

Na mimi, miaka kumi na tisa ndani ya nyumba yake,
nikatafuta.
Kulikuwa na ushuru wa bati, nadhani.
Kulikuwa na mkataba, na watu waliohamishwa
kutoka bonde hili hili,
ambao kibao hakiwataji hata kwa herufi moja.
Kulikuwa na hotuba ndefu kwenye mvua.
Meno ya dereva yalikuwa yakigongana.
Nikasema, "Alipanda ile mipea, pale kando."
"Inazaa?"
"Kupita kiasi."
Akacheka, damu ikamwingia mdomoni.

Kaunti walikirudisha Mei. Hakikunyooka.
Kimeinamia mtaro kama mtu aliyeangusha sarafu.

Skoglund huja Septemba na ndoo mbili.
Si msemaji. Hutundika koti lake juu ya kibao,
jina linafunikwa, na mwaka ule wa uongo pia,
nami simwambii kitu.
Magari yanapunguza mwendo, yanatafuta pa kusoma,
yanakuta mwanamume mwenye kovu juu ya ngazi
na mwanamke chini, aproni ameitandaza,
mapea yakishuka moja moja.
Wengine, sijui kwa nini, hutupungia mkono.