Njema, ila

Mwaka themanini na saba, Deira, Julai.
Shule imefungwa, na baba hapendi kuona vidole
vya msichana wa miaka kumi na minane
vikikaa bure vikimenya karanga.
Nikaandikwa kwa wakala wa meli, ghorofa ya nne:
miezi miwili, dirham mia saba, chai ya bure,
mashine ya teleksi inayotetemesha meza,
na kiyoyozi kinachodondokea ndani ya ndoo
ambayo kuimwaga, nikaambiwa, ni kazi yangu pia.

Thuwaiba, mtoto wa mama mdogo, mtaa wa nyuma,
kwa tajiri anayeuzia meli vyakula:
hesabu machungwa, hesabu sabuni, funga, bandika, tia sahihi.
Jioni mikono yanuka vitunguu na karatasi ya kaboni.

Shinuna, mkubwa wetu, studio ya picha.
Mabaharia huja kwa foleni kabla ya kupanda Kuwait.
Studio ina tai moja, ya buluu, fundo halifunguliwi:
huyu huivua kichwani, yule huivaa kama kitanzi,
na kila mmoja huko kwao huonekana afisa.

Vita havikuwa vyetu.
Vilikuwa vya majirani wawili wagombanao ukutani,
na ukuta wenyewe ni maji, na mchele wetu hupita humo.
Bwana Lobo, mkuu wa ofisi, hakusema "vita" hata siku moja.
Alisema "hali". Hali imechafuka. Hali imetulia.
Bima ya hali imepanda tena, binti, chapa.
Nami nikachapa: meli kadha, saa kumi alfajiri,
imegonga kitu upande wa kulia.
Kitu.
Na kila kilipogongwa kitu simu zililia,
majeruhi wa chuma wakaburutwa gatini,
Thuwaiba akapewa saa za ziada.
Vita vya panzi, furaha ya kunguru:
bibi alitufunza methali hiyo tukaipiga kofi kama mchezo.
Sasa tulikuwa kunguru wadogo
wa mkataba wa miezi miwili, abaya zimepigwa pasi.

Agosti, Thuwaiba akaniletea karatasi ya kunichekesha.
Mpishi wa meli moja, chini ya orodha iliyochapwa,
kaongeza kwa kalamu: pilipili, kilo sita,
tafadhali ziwe kali, si kama zile za safari ile.
Tulicheka hadi chai ikapoa.
Siku ya tisa jina la meli likaja kwangu
herufi kwa herufi.
Mashine haijui kushusha sauti.
Watu ishirini na wawili. Kumi na tisa wamepatikana.
Vyeo havikutajwa.
Nikaenda kumwaga ndoo. Haikuwa imejaa.
Alasiri nikapewa barua: ankara ya vyakula,
nani amlipe nani,
na pilipili zimo, mstari wa arubaini na moja.

Shinuna alisema drooni mwao mna bahasha hazijachukuliwa,
nyingi tu, watu husahau, watu huachwa na meli.
Hatukuomba kuziona.

Nyumbani mama, mikono ndani ya unga,
aliuliza kama aulizavyo kila siku, kwa Kiswahili
alichovuka nacho bahari mimi nikiwa mgongoni:
"Habari za kazi?"
Lugha yetu ina adabu. Nyumba inaungua, unajibu njema,
kisha unavuta pumzi, unasema ila.
Njema, nikasema.
Akangoja. Yeye muuza kanga wa zamani
anajua ila ni mbili: ile ya kuendeleza maneno,
na ile ya kwenye kitambaa, uzi uliokatika
ambao mwenye duka huufunika kwa kidole gumba.
Mkono wake ukasimama katika unga.
Nikasema, nimelipwa leo.

Noti mpya, saba, hazijakunjwa.
Nilinunua viatu vyeupe vya visigino.
Vilinibana.
Nikavivaa miaka mitatu.