Mikrosekunde Arobaini

Barke, ghorofa ya juu, Langoni.
Kipimajoto cha kiwanda cha barafu
kinamjibu sifuri. Sifuri. Sifuri tena.
Kauliza upesi mno: kidude hakijavuta pumzi.

Akaandika: lala.
Kichakataji kikalala fofofo,
kikaamka milisekunde tatu baadaye.
Jibu limeshabisha hodi, limeshaondoka.

Basi usilale. Kesha.
Hesabu mizunguko mitupu, usiguse kitu,
mikrosekunde arobaini,
wala usimpishe mwingine mlangoni.

"Barke! Wali unapoa!"
"Nakuja sasa hivi."

Saa nzima. Ngazi kimya, sahani chini ya kawa.
Kisha, kwenye kioo: hasi sita.
Hasi sita. Hasi sita.

Anashuka, mguu mmoja umekufa ganzi.
Mamake haulizi barafu.
"Hiyo sasa hivi yako, mwanangu,
hupimwa kwa saa gani?"