Maagizo kwa Aliyekodi Jenereta

Mfunge kamba mbili, punda huyu hapendi petroli.
Shekuwe, ngoja.
Pesa nimeipokea, sikio lako bado.

Mashine hii ina pumzi,
na sumu iliyomo haina rangi, haina harufu ya kukuamsha.
Hapa Mkomani nyumba zimebanana bega kwa bega;
kiwandani usiiweke. Najua kiwanda hakina paa,
utaniambia mbingu i wazi.
Mbingu i juu, moshi huanza na madirisha.
Wala dakani, wala chini ya wikio.
Ipeleke kwenye gofu la kina Bwanaheri,
bomba lizipe nyumba kisogo,
kisha vuta waya huu mnene, si ule wako wa redio.
Ukunjue wote. Ukiviringwa hujipika wenyewe.

Umesema friza ya barafu za ukwaju, taa nne,
cherehani ya mkeo, na birika la umeme.
Birika toa.
Soma hapa ubavuni: wati elfu mbili.
Birika peke yake lazitaka zote,
na friza ikiamka hudai maradufu, kama mgeni wa siku ya kwanza.
Iwashe yenyewe mwanzo. Ikitulia, haya, wengine.
Chai ipikeni kwa makaa.

Na usije ukaichomeka soketi ya ukutani!
Umeme utapanda nguzo kinyumenyume,
na nguzoni huenda yuko fundi, mtoto wa mtu,
ameambiwa waya umekufa.

Mafuta yakiisha, izime, ipoe
muda wa isha na sunna zake,
si isha ya mwanao ile ya mbio.
Mikono ya udhu ikaushe kwanza.

Wacheka.
Bi Somoe wa Jenereta, ndivyo mnavyoniita Langoni.
Tulikuwa na paka, Kashata.
Usiku wa mvua mume wangu alisema,
tuiingize dakani, saa moja tu.
Alfajiri kichwa changu kilikuwa kinu na mchi.
Nilitambaa, nikamburuta mume kwa shuka hadi njiani.
Kashata alikuwa amejikunja pale pale,
manyoya yana joto,
joto la mashine, si lake.

Haya, mshike punda.
Kesho saa nne, na tangi kama ulivyoikuta.